Ilani ya Waa: Tuanze na Bahari

Sisi tunaoandika haya ni wazazi, walimu, wavuvi, wakulima wa mwani, wanafunzi na wahitimu, kutoka Waa na Ng'ombeni, Tiwi, Ukunda, Gazi, Msambweni hadi Vanga. Vuguvugu letu bado halina jina wala ofisi. Lina dai moja: Kwale ipate chuo kikuu chake cha umma, kianze kidogo, na kianze na kile ambacho pwani hii inakijua kuliko yeyote. Watoto wenye akili tunao. Mali ipo, inapita mbele ya macho yetu. Tulichokosa ni viongozi wenye moyo wa kuanza kabla mambo hayajakamilika.

Serikali ya kikoloni ilifungua shule hapa Waa katika miaka ya 1920. Muongo huohuo, mwaka 1922, Makerere ilianza na wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Makerere ikawa chuo kikuu kinachotajwa duniani. Waa ikabaki shule ya sekondari. Imesomesha watu wengi na tunaiheshima. Lakini karne nzima baadaye, kijana wetu anayefaulu kidato cha nne anafunga mizigo yake. Anavuka feri kwenda Tudor kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, au anapitiliza hadi Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au anapanda Voi kwenye Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Kwale imepewa matawi, shina liko kwa wengine. Kwa mtoto wa Lungalunga ambaye mzazi wake ni kibarua, hiyo nauli, hicho chumba cha kupanga na hicho chakula cha kujinunulia ndivyo vinavyoamua kama atasoma. Alama alizopata zinakuja baadaye.

Tunaambiwa tungoje. Tungoje fedha, tungoje ardhi, tungoje majengo. Tumeuliza vyuo vya wenzetu vilianzaje, na hatukupata hata kimoja kilichongoja.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kwa wanafunzi wachache wa sheria ndani ya jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba. Chama kilichokuwa kinakaribia kushika dola kilitoa nyumba yake ili vijana wasome. Watu wa Kakamega walichanga wakajenga chuo cha WECO mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hicho ndicho Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha leo. Watu wa Nyeri nao walijijengea chuo cha ufundi cha Kimathi, sasa ni Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Hicho chuo cha Tudor kilizaliwa kama MIOME, taasisi ya elimu kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa fedha za Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Kilipokea wanafunzi mwaka 1951, kikageuzwa politekniki mwaka 1972, chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kwa kila hatua kulikuwa na watu waliokataa kukiacha pale kilipofikia.

Na pale MIOME ndipo alipokuwa karani kijana mmoja wa Mombasa, Ali Mazrui. Alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, na Makerere ilimkataa. Siku ya Maulidi akapewa nafasi ya kuhutubia, na Gavana Philip Mitchell alikuwa miongoni mwa waliosikiliza. Hotuba ile ilimfungulia mlango wa kusoma Uingereza. Mwaka 1965 kijana aliyekataliwa na Makerere alikuwa profesa wa Makerere, na akiwa huko alisema wazi aliyoyaamini kuhusu watawala mpaka enzi ya Idi Amin ilipomlazimu kuondoka Uganda. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa kuzikwa Mombasa. Tunamtaja kwa sababu vijiji vyetu vina vijana wa daraja hilo la tatu, wengi mno, waliokwisha kuambiwa kwamba safari yao imeishia pale. Kiongozi wa elimu tunayemtaka ni yule anayeweza kumsikiliza kijana wa namna hiyo na kumfungulia njia ambayo karatasi ya mtihani imeifunga.

Sasa tuseme tunachotaka kifundishwe. Nendeni Gazi maji yakiwa yamekupwa. Mtawakuta watu wa kijiji wamezama matopeni hadi magotini, mmoja ameshika utepe, anauzungusha kwenye shina la mti usawa wa kifua, anataja kipimo, mwenzake anaandika daftarini kabla maji hayajajaa. Wanautofautisha mkoko na mchu, mkandaa na muia, mlilana nao wanajua unasimama wapi kuelekea bahari. Ni kazi ya Mikoko Pamoja, mradi wa Gazi na Makongeni ulioanza mwaka 2013: hekta 117 za mikoko zinazotunzwa na wenyeji, ambao huuza kiasi cha hewa ukaa kinachohifadhiwa na miti hiyo na kutumia fedha kwa maji na shule. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kuendeshwa na wanakijiji. Vanga, Jimbo na Kiwegu walifuata mwaka 2019. Nyuma ya haya kuna utafiti wa miaka mingi wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, yenye kituo palepale Gazi. Kuna wanawake wa Kibuyuni wanaolima mwani. Kuna Shimoni na wavuvi wake. Kuna misitu ya kaya, Kinondo ikiwa mojawapo, iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, na wazee wanaojua kila mti humo ni dawa ya nini.

Kitivo cha kwanza cha chuo chetu, basi, kiwe cha bahari na mikoko. Darasa moja liwe matopeni Gazi, jingine kwenye mashua Shimoni. Mwanakijiji aliyepima mikoko kwa miaka apimwe ujuzi wake na ahesabiwe masomo. Kenya tayari ina mamlaka ya sifa za masomo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na kutambua ujuzi wa nje ya darasa ni sehemu ya kazi yake. Na kila utafiti unaofanywa kwenye fuo na kaya zetu urudi kusomwa barazani kwa Kiswahili, mbele ya waliohojiwa.

Kuhusu fedha tutasema bila kificho, kwa kuwa jambo hili linatuuma. Mchanga wa madini wa Nguluku na Maumba ulichimbwa kuanzia 2013, ukapakiwa melini Likoni, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mgodi ulipofunguliwa alikuwa ndiyo kwanza amemaliza sekondari ulipofungwa. Umri wote wa mgodi ule haukuacha chuo kikuu Kwale cha kumfundisha mtoto huyo jiolojia. Mlima Mrima nao upo, na madini yake adimu; leseni ya kampuni iliyotaka kuuchimba ilifutwa mwaka 2013, na mwaka 2018 kampuni ikashindwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Watakuja wengine. Sheria ya Madini ya 2016 inatenga mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Tunadai sehemu ya hiyo 20 na ya hiyo 10 iwekwe katika mfuko wa chuo, mfuko wenye wadhamini na hesabu zinazobandikwa hadharani, kabla jembe la kwanza halijagusa Mrima.

Kaunti iliwahi kuthubutu. Chini ya aliyekuwa Gavana, Salim Mvurya, ilianzisha mpango wa Elimu ni Sasa na kuwalipia karo watoto ambao wangebaki nyumbani. Tunashukuru kwa dhati. Lakini basari ni ya kumpeleka mtoto kwenye chuo cha wengine, na mfumo wa taifa wa kugharamia masomo ya chuo kikuu wenyewe umeyumba: ule wa Mei 2023 uliwagawa wanafunzi katika makundi kwa hali ya familia, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua unakiuka Katiba, kesi ikaenda rufaa. Mvuvi anayepata kitu msimu wa kaskazi na kukosa kabisa wakati wa kusi hajui ajaze nini panapoulizwa mapato yake. Chuo kilicho karibu na nyumbani kingempunguzia mengi ya hayo.

Kwetu wenyewe tunadai mawili, na haya ndiyo magumu. Kwanza, hatutakubali kibao cha chuo kikuu kibandikwe langoni pasipo maabara, maktaba na wahadhiri wanaolipwa. Nchi hii imepandisha hadhi vyuo vingi kwa mpigo, na leo kuna vilivyolemewa na madeni huku wahadhiri wakigoma. Mwanasiasa akituletea kibao wakati wa kampeni, tutamrudishia. Pili, hakitakuwa chuo cha kabila. Mdigo, Mduruma, Mkamba, Mpemba wa Shimoni na mgeni wa bara wataingia kwa mlango mmoja, na naibu chansela atachaguliwa kwa kazi aliyofanya, mahojiano yakiwa wazi. Tunajua kuna ndugu zetu ambao hawatapenda sentensi hii. Inabaki.

Mama Gavana Fatuma Achani, tunakuomba majengo ya kuanzia, yaliyopo, yenye paa na umeme, kama TANU walivyotoa yao. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho tayari kina tawi Kwale, tunakiomba kikilee kitivo hiki mpaka kisimame chenyewe. KMFRI tunaiomba ikubali wanafunzi wetu kituoni Gazi. Shule ya Serikali ya Kenya pale Matuga ina kumbi. Tunaziomba siku ambazo hazitumiki.

Barua nne za maombi haya zinaandikwa na zitapelekwa kwa mkono, zikigongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala zitabandikwa hapa Waa, Ukunda na Msambweni. Kila jibu litakalokuja, liwe la kukubali au la kukataa, litasomwa barazani kwa sauti, pamoja na jina la ofisi iliyolituma, na palepale tutachagua watakaolifuatilia.