Dawa ya minyoo ya nguruwe si ya kukisia

Siku hizi wafanyakazi wengi wa mjini hufuga nguruwe. Mwalimu wa Nairobi ana vibanda vyake Kikuyu, karani ana vyake Ngong, na kijana aliyeajiriwa ndiye anayewatunza. Mwenye mali hufika mwisho wa wiki na chupa ya dawa ya minyoo. Uzito wa nguruwe hukisiwa kwa macho, sindano hudungwa, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo. Hata hivyo, ndugu msomaji, mazoea haya yananihusu, nawe pia yanakuhusu.

Katika kila kundi la minyoo wamo wachache ambao kwa maumbile yao huweza kuivumilia dawa. Kipimo kikiwa kamili, karibu wote hufa. Kikiwa pungufu, wanyonge hufa na wenye nguvu husalia, nao ndio wanaotaga mayai ya kizazi kijacho. Rudia hivyo kwa miaka kadhaa na utakuwa umefuga minyoo sugu.

Haya si maneno ya kutisha watu. Huko Denmark, nchi isifikayo kwa nguruwe, minyoo wa utumbo mpana wa nguruwe waligunduliwa kuwa sugu kwa dawa ya pyrantel katika miaka ya 1980. Pyrantel ni dawa ambayo hata binadamu hupewa. Hapa Kenya, wafugaji wa kondoo na mbuzi wamesumbuliwa na minyoo sugu kwa miaka mingi.

Chukua kosa moja la kawaida. Sindano ya ivermectin ya asilimia 1 hutolewa kwa ng'ombe mililita 1 kwa kila kilo 50. Nguruwe huhitaji mililita 1 kwa kila kilo 33. Nguruwe wa kilo 76 akipewa kipimo cha ng'ombe atapata mililita 1.5 badala ya 2.3. Huo ni upungufu wa thuluthi moja, hata kabla ya kukosea uzito.

Huna mizani? Chukua tepu kama ile ya fundi wa nguo. Pima kwa mita mzunguko wa kifua, nyuma ya miguu ya mbele. Zidisha mzunguko huo kwa wenyewe, zidisha tena kwa urefu wa kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, kisha kwa 69.3. Jawabu ni kilo. Mzunguko wa mita 1 na urefu wa mita 1.1 ni kilo 76.

Tena usidunge dawa kwa mazoea tu. Peleka kinyesi kipimwe kwenye maabara ya mifugo, kama zile za Kabete, kabla ya kutibu na tena wiki mbili baadaye. Mayai yakiwa bado mengi, muulize daktari wa mifugo, usijiongezee dozi. Zoa samadi kila siku, maana mnyoo mmoja wa mviringo hutaga mayai zaidi ya laki moja kwa siku, nayo huishi udongoni kwa miaka. Na usichinje kabla ya kwisha siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Kwa nini daktari wa watu aingilie haya? Kwa sababu dawa za minyoo tulizo nazo ni chache. Albendazole, ambayo mamilioni ya watoto wetu wamepewa shuleni chini ya mpango wa kitaifa tangu 2012, ni ya ukoo mmoja na fenbendazole wanayopewa nguruwe. Mnyoo wa mviringo wa nguruwe naye ni ndugu wa karibu wa yule wa binadamu, na huweza kumwingia mtu kupitia mboga zilizotiwa samadi mbichi. Tukiziharibu dawa hizi katika vibanda, hatuna nyingine nyingi za kukimbilia.

Kwa maoni yangu, mwenye duka la dawa za mifugo asimuuzie mtu chupa kabla ya kumuuliza maswali mawili: ni ya mnyama gani, na ana kilo ngapi? Nawe mnunuzi usikasirike ukiulizwa. Nenda ukiwa na majibu.