Mafuta ya mzeituni hayachukui nafasi ya dawa ya presha

Mwaka jana, nikiwa likizo kisiwani Krete, Ugiriki, nilifika kijiji cha Ano Vouves. Hapo upo mzeituni unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 2,000, na mpaka leo unazaa.

Chini ya mti ule nilimkumbuka mgonjwa wangu, mama mmoja fundi cherehani. Jirani alimwambia kijiko cha mafuta ya mzeituni kila asubuhi kinaponya presha. Akanunua chupa, akaacha vidonge. Baada ya wiki chache aliletwa amepooza upande wa kulia, hawezi hata kutamka jina la mwanawe.

Sikatai, msomaji wangu, mafuta haya ni mazuri. Utafiti ulioanza mwaka 1958 katika nchi saba, ukiongozwa na Ancel Keys wa Marekani, uliwakuta wanaume wa Krete wakifa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko wenzao.

Lakini tazama walivyoishi. Walikuwa wakulima waliopanda vilima kwa miguu. Walikula mboga za majani, maharage, mkate na matunda, na nyama kwa nadra. Mafuta yalikuwa sehemu ya mlo huo. Hawakuyanywa ili yafute madhara ya chipsi na soda.

Mlo wa namna hiyo tunao hapa kwetu. Kunde, mchicha, matembele na dagaa vipo sokoni. Hata mafuta ya alizeti ya Singida yanafaa moyo kuliko siagi. Cha msingi ni kipimo, maana kijiko kikubwa cha mafuta yoyote kina takriban kalori 120.

Kwa hiyo, kama unamudu mafuta ya mzeituni, yatie kwenye kachumbari. Punguza chumvi, tembea kila siku, pima presha hata kama hujisikii vibaya, kwani mara nyingi haina dalili. Dawa usiiache mwenyewe. Ikikusumbua au bei ikikushinda, mwambie daktari wako bila aibu, kwa kuwa dawa za presha ziko za aina nyingi.

Mama yule sasa anatembea kwa fimbo na maneno yanamrudia taratibu. Mkono wa kulia bado haujaweza kushika kitambaa.