Mwembe Nao ni Kibao

Wapo wanaovienzi vibao vikuukuu vya barabarani: bati lililoliwa na kutu, herufi zilizofifia. Mapenzi hayo si haramu. Kosa ni kudhani kuwa njia isiyo na bati haina alama. Njia ya misafara, kilomita zipatazo 1,200 toka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora, iliandikwa kwa miembe. Kivulini mwake Mnyamwezi alitua pembe za ndovu. Mtumwa aliketi na mnyororo shingoni. Mwaka 2006 njia hiyo iliingia katika orodha ya awali ya UNESCO. Orodha haizuii shoka. Kwihara, nyumba imepewa jina la Livingstone, aliyekaa humo miezi michache mwaka 1872. Mpagazi hana kibao ila mti. Bati huchongwa jingine; shahidi akikatwa, nani atamsemea?