Mvua ya Lubero tuihesabu sisi wenyewe

Ndugu vijana wa Butembo, Beni na Lubero,

Kontenere tunaijua. Inafungwa Guangzhou, inashuka Mombasa, inavuka Kasindi, mali inafika namna ilivyofungwa. Leo tuzungumze juu ya kontenere ingine, ya ndani ya mashini, yenye haipiti duane. Na tuizungumze juu ya mvua.

Wengine watasema: kuko vita, kuko mauaji, na wewe unatuletea meteo? Ndiyo. Wakimbizi nao wananyeshewa. Mwezi wa tano 2023, kule Kalehe, Kivu ya Kusini, maji yalibeba Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Milima ya Lubero ni ya namna ile ile: shamba juu, nyumba chini. Na mama mwenye analima viazi anatazama mawingu tu.

Data ziko, tena bure. ERA5 ya kituo cha Ulaya ECMWF inarudi nyuma hadi 1940, saa kwa saa. CHIRPS, yenye inatengenezwa na chuo kikuu cha Santa Barbara kule Marekani, inatoa mvua tangu 1981, kwa vipande vya kilomita 5 hivi. Shida ni kuzifungua. Faili ziko katika GRIB ao NetCDF, na zana za kuzisoma, kama CDO na ecCodes, zinategemea maktaba zingine nyingi. Ukiweka toleo hili, lile linakataa. Mega zinaisha na haujaona hata tone moja.

Kontenere inaondoa vita hiyo. Mtu mmoja anafunga zana na maktaba zake zote ndani ya imaji moja, na inafunguka vilevile kwa kila mtu. Kwenye Linux inatumia kerneli ya mashini yenyewe, haiwashi mfumo mzima wa pili, kwa hiyo hata PC ya zamani inavumilia. Podman ikishawekwa, haikuombi hata kuwa mukubwa wa mashini. Lakini kwetu faida ni hii, yenye watu wa Bulaya hawaihitaji sana: imaji unaipakua mara moja tu. Unaandika podman save, inakuwa faili, unaiweka kwenye kle, mwenzako wa Beni anaandika podman load. Mega za mtu mmoja, watu ishirini wanafanya kazi, hata koneksyon ikikatika. Data nazo, usivute dunia nzima: seva ya Copernicus inakukatia kipande cha kwetu mbele ya kutuma.

Tusidanganyane lakini. Kipande kimoja cha ERA5 kina karibu kilomita 31, mlima na bonde vinakuwa kitu kimoja. Na kontenere haiongezi kipimo chenye hakikuchukuliwa. Pasipo chombo cha kupima mvua huku chini, satelite inakisia. Hapo ndipo serikali inapashwa kujibu: METTELSAT iko Kinshasa, chini ya wizara ya usafirishaji, na sisi tunadai vituo vya kupimia Kivu ya Kaskazini, na vipimo vyake vitolewe wazi kwa kila raia. Vyuo vyetu navyo vifundishe hizi zana. Mimi nina lisansi na sina kazi, kama wengi wenye wanasoma hapa. Saa tunazokaa bila kazi ni nyingi kuliko wahandisi wenye serikali imewahi kututumia.

Wakati tunangojea, mwenye PC nyumbani aweke Linux, na mwenye imaji ya CDO agawe. Wenye kubaki mashambani, wekeni chombo chenye kuta zilizonyooka pahali pa wazi, mbali na miti. Kila asubuhi, saa ile ile, pimeni na rula, andikeni, mwageni. Milimita moja ni litri moja kwa kila metre carré. Hizo namba ndizo tutalinganisha na satelite.