Chuo Kinachoishi kwa Ada

BARAZANI
Na Athumani Shee Mwinyi

Katika mji mdogo wa Kenmore, kaskazini mwa Seattle katika jimbo la Washington, liko jengo kubwa lililojengwa na Kanisa Katoliki liwe seminari ya mapadri, na ambalo tangu 1996 likawa makao ya watu wasomao si teolojia bali utabibu wa maumbile. Kanisa lililomo ndani yake husifika mno kwa mwangwi, hata watengenezaji wa filamu hulikodi ili kurekodia muziki wao, na nje iko bustani ya mitishamba ya kufundishia. Hicho ndicho Chuo Kikuu cha Bastyr, kilichoasisiwa 1978 na kupewa jina la John Bastyr, tabibu mashuhuri wa Seattle. Chuo kidogo cha watu binafsi, ambacho katika fani yake hutajwa miongoni mwa vya mbele kabisa.

Nakileta barazani kwa sababu wazazi wa huku kwetu wenye jamaa Marekani huniuliza mara kwa mara iwapo ni busara kumpeleka kijana akasome tiba ya namna hiyo. Katika kuuliza kwao hugawanyika mafungu mawili: wako wanaodhani kwamba huko hufundishwa ramli na kuagua, na wako wanaodhani kwamba atokaye huko ni daktari sawasawa na yule wa hospitali ya rufaa. Kwa insafu, wote wawili wamekosa.

Mwanafunzi hapokewi ila awe tayari na shahada ya kwanza, au masomo yanayokaribia hiyo, naye akishaingia husoma miaka minne. Ile ya mwanzo aghalabu huimaliza katika anatomia, fiziolojia, elimu ya vijidudu na elimu ya maradhi, akisimama mbele ya maiti iliyopasuliwa kama asimamavyo mwanafunzi wa udaktari popote pale. Kisha hukabiliwa na sehemu ya kwanza ya mtihani wa fani hiyo, ambao asipoufaulu hana njia ya kuifikia leseni. Ndipo huja mitishamba, lishe, tiba ya maji na ukandaji wa viungo, na hatimaye zahanati ya mafunzo, ambamo mgonjwa ajaye mara ya kwanza huweza kukaa saa nzima akiulizwa habari za usingizi wake, chakula chake, kazi yake na ghadhabu zake, ilhali mwalimu yupo pembeni akisikiliza. (Mimi nimeugua vya kutosha katika umri wangu, wala sikumbuki daktari aliyepata kuniuliza nilikula nini jana yake, sembuse nilimkasirikia nani.) Saa hiyo moja ndiyo fahari ya elimu hii, nami siidharau hata kidogo, kwa kuwa maradhi yanayotumaliza siku hizi, kisukari na shinikizo la damu, hukaa jikoni na kitandani kabla ya kufika hospitali.

Ama udogo wa vyuo vya fani hii na kuwa kwavyo vya watu binafsi, hayo hayakutokea kwa bahati. Benedict Lust, Mjerumani aliyeamini kuwa alipona kifua kikuu kwa tiba ya maji ya Padri Sebastian Kneipp wa Wörishofen, alifungua skuli ya kwanza ya fani hii mjini New York mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kwa miaka michache mambo yakanawiri. Lakini 1910 ikatoka ripoti ya Abraham Flexner juu ya vyuo vya utabibu vya Marekani, ripoti kali isiyomwonea mtu haya, na vyuo vingi visivyokuwa na maabara wala hospitali vikafungwa kimoja baada ya kingine. Zikaja dawa za viuavijasumu, watu wakaona kwa macho yao mtoto wa homa ya mapafu akiinuka kitandani baada ya siku chache, na nani tena angekwenda kulowekwa katika maji baridi? Walipofungua chuo kipya mjini Portland 1956 walikuwa watu wachache waliokataa fani yao ife, na vyuo vikuu vya serikali havikuwafungulia mlango. Basi wakaishi kwa ada za wanafunzi, na mpaka leo ndivyo waishivyo.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Chuo kinachoishi kwa ada kina taabu kubwa ya kusema hapana: hapana kwa mwanafunzi asiyeweza, na hapana kwa somo ambalo wateja wake wamelipenda.

Tazama homeopathi, ambayo mwanafunzi wa fani hii hulazimika kuisoma na hata kutahiniwa nayo. Samuel Hahnemann, Mjerumani aliyeishi karne mbili zilizopita, alifundisha kwamba dawa huzidi nguvu kila inapozimuliwa. Huchukuliwa tone moja la dawa likatiwa katika matone tisini na tisa ya maji au spiriti, likatikiswa. Kisha tone moja la mchanganyiko huo hutiwa katika matone mengine tisini na tisa, na hivyo hivyo hata mara 30, ambacho ni kipimo cha kawaida madukani. Sasa mwanafunzi huyu aliyekwisha kusoma kemia, lau atatwaa kalamu, ataona kwamba kila hatua huongeza sifuri mbili. Ikifika mara ya 12 zimekuwa sifuri 24, na hapo imekwisha kupita hesabu ya chembe zote zilizokuwamo katika kipimo cha kawaida cha dawa ile tangu mwanzo. Katika hatua kumi na nane zilizosalia anazimua maji kwa maji. Waalimu wake wanaijua hesabu hii kuliko mimi, maana ndio waliomfundisha kemia mwaka wa kwanza. Nami sioni kinacholiweka somo hilo darasani ila mazoea ya fani na mapenzi ya wateja.

Si haki, hata hivyo, kusema kwamba vyuo hivi havipendi uchunguzi. Mwaka 1994 serikali ya Marekani iliwapa Bastyr fedha za kuchunguza tiba mbadala walizokuwa wakizitumia watu wenye virusi vya UKIMWI, wakati ambapo hospitali zenyewe hazikuwa na la maana la kuwapa. Na umuhimu wa uchunguzi wa aina hiyo ulidhihiri baadaye kwa kitu kisichotisha hata kidogo, nacho ni kitunguu saumu. Watafiti wa taasisi ya afya ya serikali huko huko Marekani waliwapa watu wachache wenye afya dawa ya UKIMWI iitwayo sakwinaviri, kisha wakawaongezea vidonge vya kitunguu saumu kwa wiki tatu, na wakaona kiasi cha dawa katika damu kimeshuka kwa takriban nusu. Matokeo yakachapishwa 2002. Hakuna mama wa pwani ambaye angekiita kitunguu saumu sumu, na wala si sumu. Lakini vidonge vyake kila siku, juu ya dawa ile, vingeweza kumwachia mgonjwa ugonjwa wake bila yeye kujua.

Nasi twayajua haya kwa njia iliyo chungu zaidi. Mwaka 2011 magari yalipopanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, ili watu wakanywe kikombe cha dawa ya mti kwa mzee aliyeitwa Babu, kwa shilingi 500, haukuwa ule mti uliotisha, kwani wazee wa kule waliuchemsha tangu zamani. Kilichotisha ni wale waliorudi nyumbani wakaziacha dawa zao za virusi, kwa yakini kwamba wamekwisha kupona. Mtu aliyesoma Kenmore, akiwa alisoma vema, ndiye angefaa kusimama kwenye foleni ile na kumwambia mgonjwa: kunywa ukitaka, mama, lakini vidonge vyako usiviache. Kumfunza mtu kusema hivyo ni kazi ghali kuliko kumfunza majina ya mizizi mia.

Na ughali huo ndio unaovishinda vyuo vidogo. Daktari wa kawaida wa Marekani akishapata shahada hupelekwa hospitalini miaka mitatu au zaidi, akikesha chini ya wakubwa wake, na sehemu kubwa ya gharama hubebwa na serikali. Tabibu wa maumbile hapewi hazina hiyo, nafasi za mazoezi ni chache, na isipokuwa katika jimbo la Utah, lidailo mwaka mmoja, aweza kufungua zahanati yake pindi apatapo leseni. Leseni yenyewe nayo haivuki mipaka: Washington humtambua, Tennessee humkataza.

Akirejea Dar es Salaam, asitaraji kuandikwa katika daftari la madaktari. Mlango wake ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililotokana na sheria ya 2002, na huko jina lake litakaa jirani na la mzee wa Handeni aliyerithi mizizi kwa babu yake bila kulipa ada wala kukopa benki. Ujirani huo si aibu. Yamkini mzee atamfaa kijana kuliko kijana atakavyomfaa mzee. Ila deni la masomo halitasamehewa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo mzazi anayeniuliza humshauri aandike barua kwa chuo, chochote kiwacho, kabla ya kutoa hata senti, na asiulize habari za bustani wala za kanisa lenye mwangwi. Aulize ni wanafunzi wangapi walioingia hawakumaliza kwa kushindwa mtihani, kisha aulize ni somo gani lililowahi kufutwa katika mtaala kwa kukosa ushahidi. Swali la kwanza watalijibu kwa hesabu. La pili wakilijibu kwa kutaja jina la somo, na ampakilie mwanawe mizigo.