Nafuu ya mkulima inakwama getini



Kero ya mageti ya ushuru wa mazao inatuumiza sisi wakulima wadogo wa Tabora tunaopeleka magunia machache mjini kuuza.

Juni 2017, akisoma bajeti ya mwaka 2017/18 bungeni Dodoma, aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, Dkt. Philip Mpango, alitangaza mambo mawili yaliyotufurahisha sana. Ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Mkulima wa jembe la mkono, akishatenga chakula cha nyumbani na mbegu, mara nyingi hafikishi hata nusu ya hapo.

Msimu uliopita nilipakia magunia matano ya karanga kwenye toyo. Getini nikaambiwa nilipe. Nikaeleza habari ya tani moja. Kijana mwenye mashine akajibu kwamba hajaletewa waraka wowote, na jioni anatakiwa kupeleka hesabu. Mizani haikuwepo, wala bango la viwango. Mwenye toyo alikuwa akihesabu muda wake, na mnunuzi mjini alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Nikalipa. Majirani zangu nao wanalipa hivyohivyo, na wengine wanaondoka bila risiti.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: tozo mpya hutufikia siku ileile, ila nafuu hupotelea njiani. Bajeti hiyohiyo ya 2017 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Nyongeza ile haikuhitaji waraka kufika kijijini. Mama anayewasha kibatari aliilipa dukani. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza tarehe 15 Julai 2021, ilikatwa siku hiyohiyo kwenye simu ya mkulima wa Kaliua sawa na ya mkazi wa Dar es Salaam. Serikali inayoweza kukata shilingi mfukoni mwa kila mtu kwa siku moja haiwezi kushindwa kumfikishia mkusanyaji mmoja wa getini karatasi moja.

Nchi yetu hii inayajua mambo haya tangu zamani. Hapa ndipo ilipopita misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walipita na mizigo yao, na watemi wa njiani walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, ya nguo, shanga na nyaya. Hapakuwa na kiwango kilichoandikwa. Msafara ungeweza kulala siku kadhaa mahali pamoja ukibishana. Ugomvi juu ya njia na hongo ulichangia vita vya mwaka 1871 kati ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, na njia ya Ujiji ikafungwa. Enzi hizo hapakuwa na Bunge wala sheria moja kwa wote. Leo vyote tunavyo, na bado malipo ya mkulima yanategemea nani amekaa getini siku hiyo.

Najua halmashauri zetu zinahitaji mapato. Nyingi mkoani hapa zimezoea kutegemea ushuru wa tumbaku, na msimu wa tumbaku ukiyumba, macho yote huhamia kwenye karanga, mpunga na mahindi. Madarasa na zahanati hujengwa kwa fedha hizo, nami sipingi kulipa kinachonipasa. Ninachopinga ni mkusanyaji kupewa lengo la fedha bila kupewa sheria, kisha pengo la lengo hilo likazibwa na magunia ya asiyepaswa kutozwa.

Naomba wakurugenzi wa halmashauri za Tabora wafanye haya kabla ya mavuno yajayo. Kila geti liwe na mizani, na bango la Kiswahili linaloonyesha viwango, msamaha wa tani moja na namba ya simu ya kulalamikia. Aliyelipa kihalali halmashauri moja, risiti yake iheshimiwe hadi mwisho wa safari. Asiyetoa risiti achukuliwe hatua. Waheshimiwa madiwani nao waulize katika baraza ni kiasi gani kimetozwa kwa mizigo isiyozidi tani moja, na waliotozwa warudishiwe.

Wahenga walisema sheria ni msumeno. Ukate basi na upande wa getini, maana mpaka sasa sisi wakulima peke yetu ndio tunaokatwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa karanga,
Tabora