Nyumba ya Baba Si Lazima Iuzwe
Dada zetu, matanga yakishaondolewa, neno la kwanza huwa "tuuze tugawane." Tutazame Holbrook, Arizona, huko Marekani. Mwaka 1950 Chester Lewis alijenga moteli ya vyumba 15 vya zege vyenye umbo la hema, akakusanya na miti ya kale iliyogeuka mawe. Barabara kuu mpya ikapita nje ya mji. Mwaka 1974 akafunga. Alifariki 1986. Wanawe, wa kiume na wa kike, waliikarabati, wakaifungua tena 1988. Sisi tunasema: kila mrithi, mwanamke naye, ajue fungu lake kwanza, kisha mshauriane kuiendesha pamoja. Pesa ya kuuza huisha. Nyumba ikitunzwa hulisha hadi wajukuu.